Simu ya Mama Ndiyo Simu ya Mtoto: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi ya Wakurugenzi,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Nakala: Gavana wa Kaunti ya Taita Taveta, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kampuni zote za simu zenye leseni.

Waheshimiwa,

KUH: ULINZI WA WATOTO DHIDI YA MAUDHUI MACHAFU YA INTANETI KWENYE SIMU

Nawaandikia kutoka Voi. Mimi ni mzazi, na riziki yangu ni ufundi wa simu. Nabadilisha vioo na betri, nafungua simu ambazo wenyewe wamesahau namba za siri, nafomati zilizojaa hadi zikagoma. Kazi hii humwonyesha mtu mambo ya ndani ya mji atake asitake, na mengi hufa na fundi. Yanayohusu watoto yamenishinda kunyamazia.

Hoja yangu ni moja. Ulinzi wa mtoto mtandaoni mmeuacha mikononi mwa mzazi, na mzazi wa huku hana chombo cha kuutekelezea. Nyinyi mnacho: mnatoa leseni, mnaidhinisha kila aina ya simu kabla haijauzwa nchini, na neno lenu kampuni za simu hulisikia. Naomba mnivumilie nieleze.

1. Simu ni moja, nyumba nzima.

Nyaraka za kumlinda mtoto, za humu nchini na za nje, huandikwa kana kwamba kila mtoto ana kifaa chake na kila mzazi ana chake. Njooni mitaa ya Sikujua, Mwakingali au Birikani jioni muone. Mama amerudi kutoka sokoni. Simu yake ndiyo benki yake, ndiyo kitabu cha chama, ndiyo redio, na ikifika saa moja inageuka kuwa daftari: mwalimu ametuma kazi ya CBC, mtaala wa umilisi, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mtoto atafute picha za wanyama wa porini au aeleze hatua za kutengeneza mboji. Mama anaingia jikoni. Simu inabaki na mtoto wa darasa la sita, na wadogo zake wawili wamemwegemea mabegani. Namba ya siri wanaijua wote, kwani wao ndio humsomea mama jumbe za M-Pesa akiwa hana miwani.

Mtoto huyo hatafuti uchafu. Anatafuta ndovu. Lakini video ya kwanza ikiisha ya pili hujileta, na ya tano haina ndovu ndani yake. Au anabonyeza tangazo lililofunika nusu ya kioo kwa sababu kialama cha kulifunga ni kidogo kama punje ya mtama. Au mtu mzima kwenye kundi la mtaa, kundi la matangazo ya mazishi na maji kukatika, ametupia video saa nne usiku, na simu ya mama ikaihifadhi kwenye picha zake. Hizi video za kujihifadhi zenyewe ndizo nyingi kuliko zote ninazokuta. Mwenye simu mara nyingi hajui hata kwamba zipo.

Sasa mwambieni mama huyu aweke kufuli la mtoto. Mimi nimejaribu kuwawekea wengi, na nawaeleza jinsi inavyokuwa. Family Link ya Google inataka mzazi awe na kifaa chake cha kusimamia, na mtoto awe na akaunti yake kwenye simu inayosimamiwa. Mama ana simu moja, na hiyo moja ina akaunti ya mtu mzima, mara nyingi akaunti iliyofunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, ambayo neno lake la siri halijulikani na yeyote aliye hai. Simu nyingi za bei ya chini ninazoshika hazina hata nafasi ya kuweka watumiaji wawili. YouTube Kids inasaidia kwa mtoto wa miaka minne. Wa miaka kumi na miwili anaicheka.

Kuna njia fupi. Android 9 kwenda juu ina sehemu ya DNS ya faragha. Ukiandika pale anwani ya huduma ya bure ya familia, kama ile ambayo Cloudflare iliianzisha mwaka 2020, tovuti za ngono hazifunguki. Ni kazi ya dakika mbili na siitozi hela. Lakini sehemu ile haina ufunguo wake, na mtoto aliyeonyeshwa na mwenzake huiondoa kabla chai haijapoa. Ndiyo maana nasema kufuli lililo ndani ya simu halitoshi kwa nyumba kama zetu. Kazi hiyohiyo ya kuchuja ikifanyika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kidole cha mtoto hakiifikii kwa urahisi huo.

2. Anayeweza kufunga simu kwa deni anaweza kuifunga kwa ajili ya mtoto.

Simu nyingi za tachi zilizoingia vijijini miaka hii, kutoka Maungu hadi Mwatate hadi juu Wundanyi, ni za mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku. Usipolipa leo, kesho kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanakuomba ulipe. Wateja huniletea simu hizo niwafungulie, nami huwarudisha kwa mwenye deni, kwani programu ile imezamishwa ndani kabisa. Hata ukifomati inarudi.

Tafakarini jambo hilo, waheshimiwa. Kampuni iliyoko Nairobi inaweza kuifikia simu ya mkulima wa Sagalla, ikajua ni ipi, ikaifunga kwa sababu ya shilingi hamsini, ikaifungua sekunde chache baada ya kulipwa. Kisha tunaambiwa kwamba kuweka kichujio cha ngono kwenye simu hiyohiyo ni jambo gumu kiufundi, ni jukumu la mzazi, ni suala la uhamasishaji. Mimi ni fundi. Si gumu. Halijadaiwa, basi.

Tangu Oktoba 2023 tuna hata kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kwenye barabara hii hii ya Mombasa inayopita mbele ya kibanda changu. Hatuwezi tena kusingizia kwamba simu zote huja zimeshaamuliwa China.

3. Televisheni ina saa zake, simu haina.

Kanuni zenu wenyewe za vipindi zinakataza vituo vya redio na televisheni kutangaza mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Nakubaliana na kanuni hiyo. Ila hebu tazameni sebule za Voi leo: televisheni imezimwa au inaonyesha mpira, na watoto wamekaa pembeni na simu. Mtangazaji wa redio akitamka neno chafu saa tatu asubuhi mnamwita ajieleze. Kilichomo mkononi mwa mtoto saa kumi jioni hakina saa wala wa kuitwa.

Msiniambie kwamba mitandao ni ya wageni na mikono yenu haifiki. Novemba 2024 Telegram ilizimwa nchini ili mtihani wa KCSE usivujishwe, na agizo kwa kampuni za simu lilitoka kwenu. Sikulipenda agizo lile, kwa sababu liliwafungia watu wazima wenye biashara zao na watu wasio na mtihani wowote. Lakini lilithibitisha kwamba mkitaka mnaweza. Sisi hatuombi kitu kizimwe nchi nzima. Tunaomba jambo dogo kuliko hilo, na la kudumu.

4. Sheria zipo. Zinaishia kwenye karatasi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kifungu cha 22, inamtaka mtu au taasisi yoyote inayomfungulia mtoto jukwaa la mtandaoni, kwa malipo au bure, iweke utaratibu wa kuhakikisha maudhui anayoyafikia hayamdhuru. Kwa malipo au bure! Maneno hayo yanamgusa anayeuza bando na anayeuza Wi-Fi ya mtaani kwa saa. Yanaigusa pia serikali yenyewe, iliyoahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma katika masoko na mahali pa mikusanyiko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi na njia ya kuthibitisha umri kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inamtishia anayesambaza picha za ngono za watoto kwa faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Na Aprili 2025 nyinyi wenyewe mlitoa mwongozo kwa sekta nzima, mkazipa kampuni miezi sita ziwe na sera za kumlinda mtoto na njia za kuthibitisha umri.

Miezi sita ile ilikwisha Oktoba 2025. Mimi hukaa mita chache kutoka kwa wauza laini. Mteja anatoa kitambulisho, anapigwa picha, laini inawashwa. Sijamsikia hata mmoja akiulizwa kama laini hiyo itatumiwa na mtoto, na sijamwona mzazi akikabidhiwa chochote cha kumwongoza. Huenda Nairobi mambo yamebadilika. Stejini Voi bado.

Mfano wa sheria inayouma tunao. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Habari ile ilifika hadi huku, na nijuavyo mimi, walimu wakuu walianza kuuliza kabla ya kupiga picha za siku ya michezo. Faini moja ilifanya kazi ambayo semina kumi zisingeifanya. Basi tuelezeni: tangu mwongozo wenu utoke, ni kampuni ngapi zimeufuata, zipi hazijaufuata, na zimefanywa nini?

5. Kamari.

Hili nalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua. Kinachosemekana kuwazuia watoto kucheza kamari kwenye simu ni kwamba laini imesajiliwa kwa jina la mtu mzima. Lakini laini ni ya mama na kidole ni cha mtoto. Wavulana wa sekondari wanaujua mchezo wa kamari wa Aviator kuliko wanavyozijua hesabu za darasani. Serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwaka 2025. Mchezo wenyewe haukulala hata usiku mmoja.

6. Mji wetu uko njiani.

Hapa ndipo hofu yangu kubwa ilipo, na ndipo naomba msome polepole.

Wengi wakisikia maudhui yasiyofaa hufikiria picha na video tu. Picha ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni mtu. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa 2021, ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti, na kwamba katika mwaka mmoja tu, kati ya asilimia 5 na 13 ya hao watumiaji walifanyiwa unyanyasaji wa kingono uliohusisha mtandao: kushawishiwa kwa pesa au zawadi watume picha za miili yao, kutishwa, picha zao kusambazwa bila ridhaa. Wachache mno waliufikisha kwa polisi au kwa simu ya msaada. Takwimu hizo ni za nchi nzima. Sasa ziwekeni kwenye ramani ya Taita Taveta.

Voi ni njia panda. Barabara ya Mombasa na Nairobi inapita hapa, malori yanalala hapa na Maungu, reli ya SGR ina kituo hapa, na barabara ya Mwatate inashuka hadi Taveta, ambako ukisogea Holili simu inakukaribisha Tanzania kabla hujauona mpaka. Mtu anayemwandikia binti wa shule usiku wa leo, akijiita mwanafunzi mwenzake, kesho asubuhi anaweza kushuka stejini. Kwa mtoto anayeishi mbali na barabara kuu, maneno yale hubaki maneno kwa muda. Kwetu umbali kati ya ujumbe na mlango wa gesti ni mfupi mno.

Tena wengi wa mabinti hao wanalelewa na nyanya zao. Mama yuko Mombasa, au Riyadh, au Doha, anafanya kazi za nyumbani, na simu aliyomtumia mtoto ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao. Huwezi kumwambia mama huyo amnyang'anye mtoto simu. Akimnyang'anya atamsikia wapi? Na nyanya, Mungu amweke, kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, anaitumia kupokea tu. Maneno kama mipangilio ya faragha kwake ni upepo.

Mambo yakiharibika, tunakimbilia wapi? Ipo 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, na nashukuru ipo. Wangapi wanaijua huku Kasigau, Mbololo au Ngolia? Kitengo cha kulinda watoto cha idara ya upelelezi, DCI, kina ofisi Nairobi na Mombasa. Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita kama 150, nauli kwenda na kurudi, siku nzima ya kibarua imepotea, na mtoto amekaa kwenye basi akijua kwa nini anapelekwa. Wazazi wengi hawaendi. Wanachofanya ni kuniletea mimi simu. Wananiambia, "Fundi, futa kila kitu." Nami huwasihi wasifute, kwa sababu kilichomo ndani ndio ushahidi, na nikikifuta nimemsaidia yule aliyemtisha mtoto. Mzazi mmoja alinyanyuka akaenda kwa fundi mwingine aliyekubali kufuta kwa shilingi mia mbili.

Machi 2025, BBC ilipotangaza uchunguzi wake kuhusu matangazo mubashara ya ngono kwenye TikTok yaliyohusisha hata wasichana wa Kenya wa miaka 15, mlitoa tamko na kuitaka kampuni hiyo ijieleze. Vyema. Lakini ilibidi chombo cha habari kutoka ng'ambo kifungue jambo lililokuwa likionekana kwenye simu za huku kila usiku.

7. Mtakayonijibu.

Mtasema kichujio kina mianya, kwamba mtoto mjanja atatumia programu ya VPN kukikwepa. Kweli. Na ukuta wa shule nao wapo wanaouruka, ila hakuna mkuu wa shule aliyewahi kuubomoa kwa sababu hiyo. Wanaouruka ni wachache na ni wakubwa. Mtoto wa darasa la sita anayetafuta ndovu hana VPN. Mtasema kichujio hakioni ndani ya WhatsApp. Kweli pia, na sitaki kione. Kwa hilo dawa ni kuzima kujihifadhi kwa picha na video, jambo ambalo muuzaji anaweza kulifanya kabla simu haijatoka dukani. Na zipo video zinazohamishwa kwa memori kadi na Bluetooth bila bando. Hizo ni za Bodi ya Filamu na askari wa kaunti, ndiyo maana nimewapa nakala.

Mtasema pia kuna haki ya faragha na uhuru wa kujieleza. Hapa tuko pamoja, na pengine mimi nina wasiwasi kuliko nyinyi. Marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yaliongeza uwezo wa serikali kuamuru tovuti zifungwe, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Juni 25, 2025, vijana wakiwa barabarani, agizo lenu liliviambia vituo viache kurusha maandamano mubashara. Kwa hiyo nasema waziwazi: msilichukue jina la mtoto wangu mkalifanya kisingizio cha kumziba mdomo mtu mzima. Kichujio tunachokitaka ni cha hiari kwenye laini ya mtu mzima na cha lazima kwenye laini ya mtoto, na orodha ya vinavyochujwa iwe wazi kwa umma. Siasa isiingie humo.

Si wazo geni. Nchini Uingereza kampuni za simu zilikubaliana tangu 2004 kwamba maudhui ya watu wazima yachujwe kwenye laini hadi mwenye laini athibitishe ametimiza miaka 18. Wakati huo simu nyingi za huku zilikuwa za tochi.

8. Tunayoyaomba.

Kwanza, msimbo mmoja kwa kampuni zote, wa kubonyeza nyota, tarakimu na reli, unaofanya kazi hata kwenye kabambe, wa kuwasha na kuzima kichujio kwa namba ya siri ambayo mzazi huichagua mwenyewe, tofauti na ya kufungulia simu. Usihitaji barua pepe wala akaunti yoyote. Uwe bure. Na uwe na saa za mtoto: mama aweze kuuweka ujiwashe saa tisa alasiri na kujizima saa tatu usiku, kama nyinyi mlivyoipangia televisheni. Hili peke yake litasaidia nyumba nyingi za kaunti hii kuliko mabango yote.

Pili, laini ya mtoto inayosajiliwa na mzazi kwa cheti cha kuzaliwa, yenye kichujio tangu siku ya kwanza, isiyokopesheka wala kuchezea kamari, na bando lake lisiwe ghali kuliko la kawaida. Ikiwa ghali hakuna atakayeinunua, na mtatuambia wazazi hawakuitaka.

Tatu, liwe sharti la kuidhinisha simu: aina yoyote ya simu ya tachi inayoingizwa au kuunganishwa nchini iwe na hali ya mtoto inayofungwa kwa namba yake ya siri, ndani ya simu ya mtu mmoja yenye akaunti moja, kwa Kiswahili. Wanaouza kwa mkopo waiwashe mbele ya mteja kabla sanduku halijatoka dukani, wamwonyeshe inavyofanya kazi. Muda wanaotumia kumweleza jinsi atakavyofungiwa akichelewa kulipa unatosha kueleza na hili.

Nne, kila Wi-Fi ya umma, ya serikali au ya kuuzwa mtaani, ichujwe kwenye chanzo. Anayeomba leseni aonyeshe kichujio kwanza. Hii ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua kazi.

Tano, kila mwenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yake kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote mnaousimamia. Fedha hizo zimejenga minara mahali ambapo biashara isingefika, na tunazihitaji bado; yapo maeneo ya Kasigau ambako mtu hupanda mwinuko kutafuta netiwaki. Tunaomba mnara ukija, ulinzi uje nao. Sehemu ya mfuko iweke dawati la kudumu Voi, ndani ya kituo cha polisi, lenye afisa aliyefunzwa kuhifadhi ushahidi wa kwenye simu na kuzungumza na mtoto, ili mzazi asilazimike kwenda Mombasa. Mafunzo hayo tupeni na sisi mafundi. Tuko katika kila steji, na simu hutufikia sisi kabla hazijafika kwa yeyote wenu.

Sita, chapisheni kila miezi mitatu orodha ya kampuni zilizotekeleza mwongozo wa Aprili 2025 na zisizoutekeleza, kwa majina, pamoja na adhabu zilizotolewa. Msipochapisha tutajua jibu.

Kwa wazazi wenzangu watakaosoma: wakati tunangoja, ingieni WhatsApp, kwenye mipangilio, mzime kujihifadhi kwa picha na video. Iandikeni 116 ukutani, karibu na kalenda. Na mtoto akiwaletea simu analia, msifute kitu na msimpige. Mpelekeni kituoni na simu ikiwa hivyo ilivyo.

Waheshimiwa, shule zikifungwa Agosti watoto wa bweni watarudi nyumbani, na wengi wataishika simu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Tunaomba jibu lenu la maandishi kabla ya siku hiyo, na tunaomba mje Voi, mkiwa na wawakilishi wa kampuni zote za simu, mlitoe mbele ya wazazi. Msimbo tunaouomba uwe unafanya kazi siku mtakayokuja, tuujaribu hapo hapo kwenye simu zetu.

Wenu mtiifu,
Mzazi na fundi wa simu,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta.